Harufu Chini ya Kiti cha Bibi

Mtaani wote walimwita Mama Mayai. Kila asubuhi alipeleka mayai madukani kwa gari la nyumbani. Mumewe aliendesha. Bibi, mama mzazi wa mumewe, alikaa kiti cha nyuma na kushikilia trei zisiyumbe. Aliipenda kazi hiyo. Alisema kukaa bure kunamzeesha.

Gari lao lilikuwa la kisasa. Likisimama kwenye taa za barabarani, injini ilijizima, kisha ikajiwasha yenyewe. Hata betri yake haikuwa mbele. Ilikuwa ndani, chini ya kiti cha nyuma.

Siku betri ilipokufa, mume hakumwita fundi. Alinunua betri ya kampuni nyingine, akaifunga mwenyewe.

"Imeenea kwenye nafasi yake," alisema. "Mnataka nini tena?"

Mkononi alibaki na kimpira chembamba kama mrija, kilichotoka kwenye betri ya zamani. Akasema ni cha ziada, akakitupa. Mafundi wa kujifanya ndivyo walivyo. Hawakosi kubakiwa na kitu, na kitu hicho hakikosi kuwa cha ziada! Gari likawaka, naye akatembea kifua mbele.

Haukupita muda, garini kukaanza kunuka yai viza.

Mama Mayai alikagua trei zote. Hakuona yai bovu. Akampigia simu mfugaji wa kuku, akamgombeza. Mfugaji akaapa kwamba mayai ni ya jana.

Bibi naye akaanza kukohoa. Macho yalimwasha, kichwa kilimuuma. Akishuka garini, anapata nafuu. Akipanda, yanarudi.

"Ni uzee, Mama," mwanawe alimwambia. "Pumzika nyumbani."

"Uzee gani huo unaonisubiri ndani ya gari?" Bibi akauliza.

Mchana mmoja, wakirudi nyumbani, Bibi alinyamaza ghafla. Mama Mayai akageuka. Bibi alikuwa ameegemea dirisha, jasho linamtiririka, macho yanafumba.

"Simamisha gari! Bibi anazimia!"

Bahati nzuri walikuwa karibu na karakana ya jirani yao, fundi umeme wa magari. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa, asiyejua kunong'ona. Wakamtoa Bibi, wakamkalisha penye hewa. Alivuta pumzi kwa shida, kisha taratibu ikamrudia.

Fundi aliingiza kichwa garini, akakitoa upesi.

"Zima injini! Fungua milango yote! Hilo si yai, hiyo ni betri!"

"Betri?" mume akashangaa. "Ngoja nimulike chini ya kiti." Akatoa kiberiti cha gesi mfukoni.

"Usiwashe!" Fundi alimpiga mkono, kiberiti kikaanguka. "Shemeji, unataka kutulipua?"

Waliacha gari lipigwe na upepo. Kisha fundi akavaa glavu na miwani, akainua kiti na kumulika kwa tochi. Betri ilikuwa imevimba pande zote. Maji ya asidi yalikuwa yakichuruzika pembeni.

Mume aliitazama betri ile. Akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Nimemkalisha mama yangu juu ya kitu hiki," alisema. "Kila siku."

Mama Mayai alishika mdomo. Akamgeukia fundi.

"Kwani betri za kampuni nyingine ni mbaya?" aliuliza.

"Si mbaya, dada. Kosa ni kuweka isiyofaa. Gari hili linataka betri ya kuvumilia injini kuzimika na kuwaka kila mara. Hii ni ya kawaida. Tena kompyuta ya gari haikuambiwa kwamba betri imebadilishwa. Inaichaji kama ile ya zamani, mpaka inachemka na kutoa gesi. Gesi hiyo ina sumu, na cheche moja inatosha kuilipua. Betri ikikaa ndani ya gari, lazima iwe na kimpira cha kutoa gesi nje. Chenu kiko wapi?"

Mume akainamisha kichwa. "Nilikitupa."

"Basi ulikuwa unamtupa mama yako, shemeji."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bibi akasema kwa sauti dhaifu. "Changu mimi nimekikalia."

Siku hiyohiyo walimpeleka hospitali. Daktari alimpima kifua, akampa dawa. Alisema wangechelewa zaidi, pengine asingepona.

Fundi aliitoa betri ile garini ilipopoa, akairudisha dukani isitupwe jalalani. Akafunga nyingine. Nayo ilikuwa ya kampuni nyingine, lakini aina, ukubwa na nguvu vililingana na gari. Akaunganisha kimpira kipya mpaka nje. Akaikaza isitikisike. Mwisho akachomeka kifaa chake, akaiambia kompyuta ya gari kwamba betri ni mpya.

Bibi alipopata nguvu, mwanawe alimfungulia mlango.

"Karibu, Mama. Sasa ni salama."

Bibi hakusogea. "Kaa wewe kwanza."

Mume akaingia, akakaa kitini, juu ya betri. Bibi akamtazama, kisha akaingia, akakaa ubavuni pake.

"Nisamehe, Mama."

"Kusamehe nimesamehe. Lakini leo mkeo ataendesha. Wewe utakaa hapa na mimi."

Mama Mayai akashika usukani. Walizunguka maduka yote, na Bibi hakukohoa hata mara moja. Mwanawe alimshika mkono njia nzima, akisikiliza kila pumzi yake.