Nyumba Yenye Paa la Kufungua

“Yotham, nani alikuonyesha anapolala binti yangu?”

Mzee Sila aliuliza polepole, paa la nyumba likiwa mkononi mwake. Msishtuke, paa lenyewe lilikuwa la kadibodi, kubwa kama daftari. Mzee alikuwa tarishi wa boma la Dodoma. Alileta barua kwa Bwana Pemberton, akaona vita vyetu mezani, akasogea.

Bwana Pemberton, mpima ardhi mstaafu, kila Jumamosi alipigana na rafiki yake Daktari juu ya meza ya chakula, kwa vijiaskari virefu kama kidole. Walirudia vita vya Mwingereza na Mjerumani, na kila mara Mjerumani alishindwa, maana aliyemshika Mjerumani alikuwa Daktari. Mimi, msomi wa darasa la kumi niliyekosa ukarani, niliwajengea mji: boma la Mjerumani, stesheni, nyumba za tembe za Wagogo. Kila paa lifunguke, ili askari waingizwe ndani. Nyingine nilizikata vipande vyenye namba, zikaenda Nairobi ndani ya visanduku, rafiki zake wakaziunge wenyewe.

Tembe niliiga ya Mzee Sila, kwa sababu nilipita pale kila siku, na kwa sababu ya Ruthu. Posa yangu ilikuwa imepokewa. Tulingoja mavuno tu.

Ndani sikuwahi kuingia. Nilimuuliza Ruthu kisimani.

“Chumba chako kina nini?”

“Unataka kuiba?”

“Kujenga.”

“Kitanda, kilindo cha gome cha kuwekea uwele, na kibuyu changu cha shanga nyekundu, alichoniachia bibi. Ila mimi usiniweke humo.”

“Wewe hutoshi. Kidole chako tu kinaziba mlango.”

Basi nikaweka kitanda, kilindo, na kibuyu kama punje ya mtama, shanga nimezidonoa kwa ncha ya sindano na wino mwekundu. Nilijiona fundi. Sasa Mzee Sila alikuwa amekikodolea macho kibuyu kile.

“Hiki ni cha mama yangu,” akasema. “Mimi, baba yake, sijakanyaga chumba hicho tangu binti avunje ungo. Wewe umekijuaje?”

Jibu lilikuwa fupi: Ruthu aliniambia. Lakini Bwana na Daktari walikuwa wananitazama, wanangoja kichekesho, maana ndivyo nilivyowazoeza. Ulimi ukanitangulia.

“Niliingia kwa juu, mzee. Si unaona paa linafunguka?”

Daktari alicheka mpaka akaangusha kikosi chake. Mzee Sila alirudisha paa taratibu, akalipangusa kwa kiganja, akaweka barua mezani, akatoka.

Nilimfuata, nikamfikia karibu na reli.

“Mzee, ule ulikuwa utani. Ruthu ndiye aliyenisimulia.”

“Nilikuuliza mbele ya wazungu, Yotham. Ukanijibu mbele ya wazungu. Huku unamjibu nani?”

Jumatatu nikaletewa kipande cha daftari, mwandiko wa Ruthu:

“Yotham, baba amerudisha posa. Nimewaambia hukuingia, wanasema msichana lazima aseme hivyo. Wameitikia posa ya watu wa Haneti. Neno moja la kweli lilikushinda nini? Usije kisimani.”

Nilikwenda kisimani siku nane. Ya tisa dada mmoja akaniambia niache kuwazibia njia, Ruthu ameshaolewa na Seth wa Haneti.

Ikapita miaka sita. Bwana Pemberton alirudi kwao, akaniachia mji mzima. Nilikuwa na kibanda Majengo, natengeneza fremu za picha, siku Ruthu aliposimama mlangoni na kikapu cha karanga.

“Baba alifariki,” akasema. “Nyumba wameibomoa, kaka zangu wanaezeka bati. Nimesikia yako ipo.”

“Pole sana. Ipo. Shemeji hajambo?”

“Hajambo. Ni mtu mwema, usimcheke.”

“Sijamcheka mtu miaka sita.”

“Muongo,” akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Nikamshushia nyumba rafuni. Akafunua paa, akainama.

“Kitanda hakikuwa hapa.”

“Hapa wapi?”

“Kilikuwa ng'ambo, ukuta wa upande wa zizi. Hapa palikaa kilindo.”

“Hukuniambia upande.”

“Hukuuliza.” Akanitazama. “Mama angekiona chumba hiki, angesema papo hapo: huyu hajawahi kuingia. Baba asingeweza kujua.”

“Hata mimi sikujua, Ruthu.”

“Wewe ulijua hukuingia. Hiyo ingetosha.”

Akakibandua kitanda kwa ukucha.

“Una gundi?”

Nikampa. Akakiweka ukuta wa zizi, akakishikilia kwa kidole mpaka kikashika. Kilindo nacho akakihamisha. Kibuyu hakukigusa. Kisha akafunika paa na kulipangusa kwa kiganja, kama baba yake.

“Sasa ndiyo wangekuwa na haki ya kusema uliingia,” akasema.

Kilinijia kichekesho, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutoa. Nikafunga mdomo, nikambebea kikapu mpaka kwenye lori la Haneti.