Kichupa Kilichopata Joto

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, na mvua ya rasharasha ilikuwa ikigonga madirisha ya maabara. Msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye kwao walimwita Kidadisi, alikuwa amekuja kumwona shangazi yake, mtafiti wa figo, akiwa kazini.

Mezani palikuwa na ndoo ya barafu yenye vichupa viwili vya seli za figo. Seli hizo zilitoka katika kipande cha figo kidogo kama punje ya mchele, ambacho mwashi mmoja mgonjwa alikubali kitolewe kwa sindano.

"Shangazi, mbona hamzisomi zote kwa pamoja mkamaliza?"

"Zamani tulifanya hivyo. Ilikuwa kama kusikiliza sokoni: unasikia makelele, humjui aliyesema. Sasa mashine huifungia kila seli katika tone lake na kuipa alama yake. Kisha tunasoma jeni zinazofanya kazi ndani yake, tukajua ipi inaumwa."

Kidadisi alisogea karibu na ndoo.

Shangazi alipokwenda kuiandaa mashine, Kidadisi alichukua kichupa kimoja, akakifumbata, akakitazama kwenye mwanga. Aliona maji yenye ukungu tu. Alipokumbuka kutazama saa, dakika kumi zilikuwa zimepita. Akakirudisha haraka.

Fundi wa maabara akaingia. "Vipi, mtafiti mkuu? Umeshapata dawa?"

Kidadisi hakucheka. Akisema, huenda asiruhusiwe kurudi. Asiposema, mwashi atasomewa majibu gani? Shangazi aliporudi, alimwonyesha kichupa.

"Shangazi, hiki nilikitoa kwenye barafu. Nimekishika dakika kumi."

Shangazi alikitenga kichupa hicho. "Seli zikipata joto hushtuka na kuwasha jeni nyingine. Tungedhani mshtuko huo ni ugonjwa."

"Atachomwa sindano tena?"

Fundi alitia rangi ya buluu katika tone la kichupa cha pili, akainamia hadubini. "Seli zilizokufa hugeuka buluu. Hizi karibu zote ni hai. Ni chache, lakini zinatosha. Hachomwi mtu."

Kidadisi alishusha pumzi. "Na mimi, nisije tena?"

"Utakuja, ila hugusi kitu bila kuomba," alisema shangazi. "Sikiliza, mwanangu. Mashine hii ina akili nyingi, lakini haijui nani alishika nini. Ungenyamaza, ingetupa uongo uliopangwa vizuri. Ukweli wa mtu ndio mwanzo wa utafiti wote."

Shangazi alipakia kichupa cha pili kwenye mashine. Fundi aliandika kosa lile daftarini, pamoja na saa lilipotokea. Kidadisi alinawa mikono, akavuta kiti mbali na meza, akaketi kutazama.