Mwanamke wa Kwenye Picha ya Kinu

— Wewe... si ulikufa?

Nilitua debe la mahindi nikamtazama. Mwanamke nadhifu, mkoba begani, amesimama mlangoni macho yamemtoka.

— Nife mara ngapi, dada? Hapa ni kazini, sema shida yako.

— Wewe ndiye wa kwenye picha! Tumeitundika sebuleni kwetu. Mwanangu anakuita bibi wa unga.

Moyo ulinilipuka, maana picha ile naijua. Aliipiga mchumba wangu, mpiga picha niliyempachika jina Lenzi. Alikuja kupiga picha kinu chetu cha maji, alichokijenga babu na ambacho hadi leo kinasaga. Akanivua saa, akaficha simu yangu, akanivika nguo ya marehemu bibi. "Usicheke, mpenzi. Watu wa zamani hawakuwa wakicheka kwenye picha." Kisha akaipika kwenye kompyuta, ikatoka ya rangi ya kahawia, imefifia, ina mikunjo ya uongo pembeni. Nikajiona mrembo, mjinga mimi!

— Sebuleni kwenu? Wewe na nani?

— Mimi na mume wangu. Alisema aliinunua duka la vitu vya kale. Nilivyokipenda hiki kinu, nikaulizia kwa madereva wa malori mpaka nikafika.

— Mpigie. Weka spika.

Akapiga.

— Mke wangu kipenzi!

Sauti ile ile iliyoniambia asubuhi kwamba Jumamosi analeta wazee wake kwa baba.

— Mume wangu, yule mwanamke wa picha ya kinu alikufa lini vile?

— Aah, zamani hizo! Hata mama yangu hajazaliwa. Kwani vipi?

Nikasogea kwenye simu.

— Lenzi, Jumamosi mnafika saa ngapi?

Akakata simu.

Mara simu yangu ikaingia ujumbe: "Mpenzi, huyo mwanamke ana matatizo ya akili. Usimsikilize." Na yake ikalia. Tukabadilishana simu. Kwake aliandika: "Huyo ni kichaa wa hapo kinuni. Ondoka haraka."

— Pole, mdogo wangu, alisema, akinirudishia simu yangu.

— Pole na wewe, dada.

Nilitamani nimchukie huyu dada, nikashindwa. Nilimpenda yule mwanamume jamani, nilimpenda kweli!

Baba akatokea uani amebeba kiti alichokipaka rangi kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Alipomwona mgeni, uso wote ukachanua.

— Karibu, karibu sana! Bila shaka wewe ni wa upande wa mkwe wangu. Umetangulia kutuona, eti?

Mwenzangu akainamisha kichwa.

— Baba, nikasema, — huyu ni mke wake.

— Mke wa nani?

— Wa Lenzi.

Baba alibaki amekishika kile kiti, hajui akiweke wapi.

— Kiweke hapo, baba, mgeni akae. Ametoka mbali.

Kisha nikageukia mahindi ya watu, nikasaga huku nalia.