Kofia ya Tito Kwenye Picha ya Vipande

Usigeuze uso. Kalenda hiyo umeiona. Ulikunywa chai chini yake, Marangu, sebuleni kwa Mama Tito, ukaitazama ukisubiri kikombe kipoe: wageni wanaruka juu, kiongozi wa msafara kapanua mikono kama askofu, kilele cha Kibo nyuma yao, cheupe kwa theluji. Ukasema picha nzuri. Kona ya chini kushoto kulikuwa na kitu cha kahawia, ukakiita jiwe. Macho unayo, na chai ilichukua muda wake, bado ukaita jiwe. Mimi sisahau. Leo nakushika mkono nakurudisha kwenye kona ile.

"Usiguse mawingu," Dafroza alisema, akampiga Hosea kidole. "Mawingu ni ya mwisho."

"Nani kasema?"

"Mwenye meza."

Meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya ndoo, chumbani kwa Dafroza huko Rau. Juu yake vilimwagwa vipande vya picha, vidogo, vyenye masikio na matundu, vya kuunganisha kimoja kimoja. Dafroza alitandika vitanda kwenye hoteli moja mjini, na wageni wakiondoka huacha vitu hivi. Wenzake walichukua sabuni na miavuli. Yeye alichukua vipande. Hosea naye aliuza mitumba Kiboriloni, na marobota ya nguo za watoto hayakosi mifuko ya vipande isiyo na boksi. Hakuna anayeinunua. Alimpelekea Dafroza mfuko wa kwanza kama mzaha, akakaa mpaka jua likazama. Mapenzi yao yalianzia hapo.

Bila boksi huna picha ya kuiga. Unaanza na kingo, unatenga rangi, unakisia. Ndiyo raha yake. Kipande kisicho mahali pake ukikisukuma kinagoma. Kilicho mahali pake kinashuka chenyewe, kinatoa kamlio kadogo kama kufunga kifungo, na mwili mzima unatulia. Picha iliyopita waliapa wote wawili kuwa ni kanisa. Ikatoka keki ya harusi.

"Hii ni bahari," Hosea alikisia.

"Bahari ya rangi ya vumbi? Wewe ukioa, mkeo atapata tabu."

"Si nakuoa wewe? Tabu unaijua tayari."

Dafroza hakucheka. Simu ilikuwa inaita, na jina kwenye kioo lilikuwa la mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jumamosi uko wapi?"

"Kazini."

"Omba ruhusa. Upande wa Filbert wanaleta pombe ya mbege kukuposa. Mjomba wako kashawaitikia."

"Mama, mimi sijaitikia."

"Una nani mwingine? Na usinitajie yule! Alimwacha mwanangu mlimani kama mzigo uliochanika, akashuka mbio. Na isale aliileta mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya jeneza. Asiye na kosa analeta isale ya nini?"

Sauti ya Mama Tito ilikuwa ya kuitia ng'ombe bondeni. Hosea alisikia kila neno. Aliendelea kupanga kingo, kichwa chini.

Kama hukulelewa migombani, jua hili. Isale ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na penye makaburi. Ukimkosea mtu, unamletea jani hilo, na akilipokea yamekwisha. Tito, kaka yake Dafroza, alikuwa mpagazi wa mlimani pamoja na Hosea. Aliugua huko juu, akakata roho kabla hajafika hospitali. Siku ya maziko Hosea alikuja na isale. Mjomba Ebenezeri, aliyeongoza msafara ule, ambaye watu walimwona kwenye geti la mlima ameshika machela, alisimama akasema, "Mmeona wenyewe." Basi. Hukumu ikatoka hapo hapo, kabla udongo haujakauka, na wewe ulikuwepo, ukaitikia kwa kichwa.

Dafroza alimpenda Hosea, lakini hakuwahi kumuuliza. Mara moja Hosea alianza, "Siku ile, Tito mimi nili..." akamkatiza, "Tusiongelee hayo." Aliogopa jibu. Alipenda zaidi maswali ya mezani, ambayo jibu lake haliumi.

Kila jioni wiki ile picha iliongezeka. Nyeupe ikakutana na nyeupe, ikawa mteremko.

"Hosea! Ni mlima wetu!" Alimvuta mpaka dirishani. Mawingu yalikuwa yamefunguka, Kibo imesimama juu ya msitu wa Rau. "Lakini mbona haufanani? Hili bega la kushoto halipo."

"Sisi huku tunaona mgongo wake. Hapo aliyepiga picha yuko upande wa Marangu, juu kabisa, kule kusikoota kitu."

"Na hawa wanaoruka?"

"Wageni. Wanashuka, wameshafika kileleni. Mtu anayepanda haruki hivyo."

"Ehe! Na huyu mwenye mikono?"

Hosea aliinama, akatazama sweta jekundu na nusu ya kidevu. Akarudisha kipande alichokishika.

"Nimekumbuka kuna robota la kufungua," alisema, akaondoka bila kumaliza chai.

Kesho yake hakuja. Dafroza alitandika vitanda huku akiiwaza kona ya kushoto, maana mtu akishaanza kitu hiki kinamwita hata akiwa kazini. Kulikuwa na vipande vya kahawia alivyovitenga kama mawe. Alipotoka kazini alivirudia. Kimoja kilikuwa na mshono. Jiwe halina mshono. Kingine kilikuwa na mkono uliolegea. Akavigeuza, akajaribu, vikagoma, akajaribu tena. Kisha vikashuka vyenyewe.

Alikuwa mtu anatembea, begi kubwa limening'inia kifuani. Mgongoni kamfunga mtu mzima kwa shuka, kama mama anavyombeba mtoto. Kichwa cha aliyebebwa kimelala begani, na kofia yake imefumwa kwa mistari ya kijani na hudhurungi.

Kofia ile aliijua. Uzi wa kijani uliisha katikati, mama yake akamalizia kwa hudhurungi, Tito akasema amevalishwa bendera ya nchi isiyokuwepo. Ndipo alipoikumbuka kalenda ya ukutani kwa mama yake, ambayo naye hakuwahi kuitazama kona hii.

Akaandika:

"Njoo."

"Nina wateja."

"Njoo Hosea. Nimekuona kwenye picha."

Alikuja na vumbi la mitumba kwenye nyusi. Alisimama mlangoni, hakusogea mezani.

"Lile sweta la mjomba wako nililijua," alisema.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilimwambia mjomba wako pale pale, huyu anaumwa, tumshushe. Akasema anajidai, nimwache, nibebe begi la mgeni. Wenzetu walikuwa wametangulia na mahema. Nikabeba vyote. Yeye akabaki anawaimbia wageni. Nilipofika kambini nimeishiwa nguvu, akatukuta, akashika machela, mimi akanirudisha nikachukue ndoo za jikoni. Getini mkamwona yeye."

"Mimi, Hosea. Mbona mimi hukuniambia?"

"Uliniambia tusiongelee."

Dafroza alikaa kitandani. Hilo lilimchoma kuliko picha.

"Na isale?" aliuliza, sauti imepungua. "Uliileta ya nini?"

"Tito ndiye aliyenipatia ile kazi. Kila siku tulipanda wawili, tukashuka wawili. Siku ile mama yake ananitazama mimi mzima, mwanawe yuko ndani ya sanduku. Nimletee nini? Soda? Nilikuwa naomba radhi kwa kuwa nimerudi peke yangu."

"Wakadhani unakiri."

"Wakadhani nakiri. Na mjomba akawapa maneno."

Dafroza alinyanyuka. Hakumkumbatia bado. Alichukua gundi ya mbao chini ya kitanda.

"Shika upande ule. Tunaigandisha kwenye hadibodi. Ila hii kona usiigandishe."

"Kwa nini?"

"Mama ukimwambia kitu anabisha. Mpe kazi ya mikono."

Jumamosi walipanda Marangu kwa pikapu iliyokuwa inafuata ndizi, hadibodi katikati yao imefunikwa khanga. Hosea alishukia nje ya kihamba, kwenye ua wa masale. Hakuwa na ruhusa ya kuvuka.

Ndani mbege ilishamiminwa kwenye kata. Wazee wa upande wa Filbert walikaa wamenyooka. Filbert mwenyewe, kijana wa duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anafuta viatu kwa kitambaa. Mjomba Ebenezeri alikalia kiti cha chini ya kalenda. Ni ya miaka miwili nyuma, lakini nani atoe ukutani kalenda yenye sura ya mjomba?

"Shikamooni."

"Marahaba. Bibi harusi umechelewa," mjomba alisema. "Hicho nini?"

"Zawadi ya mama. Haijaisha."

Aliweka hadibodi mezani, akafunua. Wazee wakasogeza shingo.

"Si ni kalenda hii?" mmoja aliuliza.

"Ndiyo. Kampuni ya msafara ilitengeneza na hii, ya kuwauzia wageni. Mama, hapa pana tundu. Vipande vyake hivi."

"Mimi na umri huu nicheze michezo ya watoto?"

"Jaribu kimoja tu."

Mama Tito alijaribu kimoja. Kikagoma. Alikigeuza. Mzee wa upande wa Filbert akasema, "Hapana mama, hicho ni cha juu," akachukua kingine, akakosea naye. Mwingine akavaa miwani. Posa ikasahaulika.

"Ni jiwe," alisema wa kwanza.

"Jiwe gani lina kiatu?"

"Kiatu kiko wapi?"

"Hiki hapa, baba. Na kamba yake."

Hata Ebenezeri alishindwa kujizuia, akainuka na kata yake mkononi. "Lete huku, picha hii naijua kuliko nyie. Hapo ni kichaka." Akakishindilia kipande kisicho chake, kikakataa.

Hapo ndipo hasira yangu haipoi. Miaka miwili alikaa chini ya picha ile akijitazama yeye mwenyewe. Hata kuficha hakuficha. Hakujua kuna kitu cha kuficha, kwa sababu mtu aliyebeba, kwake yeye, ni mawe.

Mama Tito alibaki na kipande cha mwisho kidoleni. Hakukiweka. Alikileta karibu na jicho.

"Huu uzi ni wangu," alisema.

Aliupitishia ukucha ule mstari wa hudhurungi.

"Uliniishia. Nikaunganishia hudhurungi hapa. Huu ni mkono wangu." Akakishusha kipande mahali pake. Kikalia. Kichwa cha Tito kililala begani kwa Hosea, chumba kizima kikakiona.

"Ebenezeri. Huyu aliyembeba mwanangu ni nani?"

"Dada, siku hizi picha wanazitengeneza kwenye kompyuta..."

Mama Tito alipanda juu ya kigoda, akaing'oa kalenda na msumari wake, akailaza kando ya hadibodi. Akaweka kidole kwenye kona. Kilikuwepo. Kidogo, cha kahawia, na doa la kijani.

"Hii uliileta wewe. Na huyu hapa aliyepanua mikono ni nani? Uliniambia ulimbeba wewe. Nilikukamulia maziwa, nikakushukuru kwa magoti!"

"Nilishika machela..."

"Getini! Palipokuwa na watu!"

Mjomba aliweka kata chini, ikamwagika. Alitafuta uso wa kumtetea, akazunguka chumba kizima, nyuso zote zilikuwa mezani.

"Ni Hosea, mama, yuko nje kwenye ua," Dafroza alisema.

Filbert ndiye aliyesimama kwanza. "Dafroza, wewe unamtaka huyu aliyebeba?"

"Ndiyo."

"Basi ungeniambia mapema nisinunue viatu." Akawageukia wazee wake. "Tunyweni mbege tuondoke. Hapa si petu."

Mama Tito alishatoka. Alipita migombani mpaka kwenye kaburi la mwanawe, akakata jani la isale lililoota kichwani pake, akaelekea kwenye ua. Hosea alimwona, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Usiniamkie kwanza. Pokea."

"Mama, wewe ni mkubwa, huwezi..."

"Nimekukosea mbele ya jeneza la mwanangu. Ulikuja na huzuni nikaipokea kama kosa. Pokea, baba."

Hosea alipokea kwa mikono yote miwili. Dafroza, aliyekuwa nyuma, ndipo alipomkumbatia, mbele ya wakwe wa watu wengine na kata zao.

"Na mimi?" alimnong'oneza. "Mimi sikukuuliza."

"Wewe ulitazama mpaka mwisho."

"Kipande kimoja cha mawingu hakipo. Nimekitafuta chumba kizima."

"Acha. Tutawaambia watoto mvua ilikipitia."

Walifunga ndoa baada ya mavuno ya kahawa. Picha ile ipo ukutani Marangu, msumari ule ule, na anayeingia huanzishwa kona ya kushoto. Ebenezeri bado hajaleta isale yake. Njia ya kwa dada yake anaijua.

Sasa wewe, uliyeita jiwe. Una kalenda ukutani, una picha za msafara, za harusi, za maziko, zimejaa kwenye simu yako. Inuka. Fungua moja, acha nyuso zinazocheka mbele, nenda kwenye kona, kwa aliyeinama chini ya mzigo. Kama humjui jina, piga simu uliza. Kama ulimhukumu, kata isale umpelekee. Usisubiri Krismasi ya kurudi nyumbani. Nenda leo, angali hai aipokee.