Hodi ya Sitata

Jumanne hiyo taa ya nne iliwaka kabla Asiya hajaitia sitata. Alikuwa juu ya kigoda, mkono mmoja ameuinua kuelekea kwenye bomba la taa, na sitata yenyewe bado imo katika mkono wa pili. Aliitazama, akaitazama taa, akashuka polepole.

Mumewe Nasiri alipoelezwa alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kuwacheka watu ndiyo ilikuwa starehe yake. Alisomea umeme Bujumbura miezi minane, na miezi hiyo minane ilimvimbisha kichwa kuliko wengine waliosoma miaka. Kwa maneno yake, Rumonge nzima hapakuwa na mtu anayejua kitu ila yeye, na waliobaki walikuwa wajinga wanaotofautiana kwa urefu tu.

Ni yeye aliyefunga zile neon sita, taa ndefu za bomba, katika depo ya sabuni ya Hamissi, chumba kisicho na dirisha nyuma ya soko, ambamo wanawake hukata na kufunga sabuni za mawese. Neon haiwaki hivi hivi. Inataka sitata, kikopo kidogo cha kuchomeka ubavuni, ambacho hugonga ka, ka, ka, kikipasha moto ncha mbili za bomba. Kisha balasti, lile dude zito la chuma, husukuma umeme kwa nguvu na hewa iliyomo ndani ikashika. Ikishashika, sitata haina kazi tena mpaka taa izimwe. Hapo ndipo ubahili wa Hamissi ulipokutana na ujanja wa Nasiri. Hamissi, tajiri anayevaa kandambili zilizoshonwa kwa waya, hakutaka kununua sitata sita. Nasiri akamwambia moja inatosha: ichomeke, taa iwake, ichomoe, uhamie ya pili. Wapumbavu wawili wakapeana mikono, na kazi akapewa Asiya, kwa kuwa ndiye aliyefungua depo kila asubuhi. Aliifanya mwaka mzima bila kulalamika.

Baada ya Jumanne hiyo hakuhitaji sitata tena. Alikuwa akiingia tu na kuinua mkono, na taa zinawaka moja baada ya nyingine, huku mule juu, kwenye matundu matupu, kukisikika ka, ka, ka. Harufu ya mawese ikazidiwa na harufu nyingine, kama nywele zilizoungua. Wanawake wakaanza kufungia sabuni uani juani. Clotilda, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa akikata sabuni na Asiya, akamfuata Nasiri mpaka kwenye kibanda chake cha ufundi na kumwambia kwa sauti ya chini: "Nasiri, zile neon ziko zinawaka bila kitu. Na Asiya, bibi yako, iko anakonda. Mimi sirudi mule ndani." Nasiri akamjibu kwa hotuba ndefu kuhusu unyevu na nyaya, Kifaransa kingi, maana kidogo. Hamissi yeye alifurahi. Alisema, "Jini asiyedai mushahara na akae."

Siku ya nane vidole vya Asiya vikaanza kuwa vyeusi nchani. Aliviosha kwa sabuni, akavisugua kwa mchanga wa ziwani, weusi haukutoka. Kesho yake ukashika na vidole vya miguu. Na hapo Nasiri aliacha kucheka, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa akiwafokea wateja kwa jambo hilo hilo: bomba likiwa jeusi ncha zote mbili, linakufa, msinisumbue, litupeni. Aliogopa. Lakini mtu wa aina yake akiogopa haombi msaada, hutafuta koleo.

Ijumaa asubuhi alimwacha Asiya amelala nyumbani, akaenda depo, akakata waya mkubwa unaoleta umeme pale ukutani, akaubeba begani ili watu wauone. Hakufika hata sokoni. Clotilda alimkimbilia akamshika mkono, akamrudisha mlangoni, na mle ndani, bila waya, bila sitata, taa zote sita zilikuwa zinapepesa, zikiwaka na kuzimika, na mtoto wake Anwari alikuwa anakuja mbio barabarani akilia kwamba mama yuko anatetemeka, anatulia, anatetemeka, na wala hasikii akiitwa.

Ndipo Nasiri alipokubali aitwe Mama Zainabu, kwa kukunja uso, kama aliyeletewa chakula cha jana. Mama Zainabu aliuza ndagala sokoni na kusomea wagonjwa, na Nasiri alikuwa amemtania mbele za watu mara nyingi. Alikuja na mikono yake inayonuka samaki, akaamuru Asiya aletwe depo, alazwe juu ya magunia chini ya zile taa, akasoma aya kwa sauti ndogo isiyokatika, na kadiri alivyosoma ndivyo taa zilivyopunguza kupepesa na ndivyo kifua cha Asiya kilivyokuwa kikipanda na kushuka kwa kuzifuata, mpaka midomo yake ikafunguka na ikatoka sauti kavu isiyokuwa yake.

"Kila asubuhi mnanibishia hodi mara sita," ilisema. "Naitika. Nikija mlangoni, aliyebisha amekwisha kuondoka. Mwaka mzima. Mkono uliobisha nimeushika."

Mama Zainabu akauliza inataka nini ili iuachie.

"Aliyeufundisha aniombe radhi."

Macho yote yakamgeukia Nasiri. Mama Zainabu akamsogelea, akamnong'oneza: "Mutoto wangu, omba. Kwa moyo, si kwa mudomo. Hana saa nyingi huyu."

Ilikuwa kazi ya pumzi moja. Nasiri alimpenda mkewe, hilo halina ubishi. Lakini mlangoni walikuwa wamesimama wanawake wa sabuni, na Hamissi mbele yao, na Nasiri akaona jinsi habari itakavyokwenda: fundi mkubwa amepiga magoti mbele ya neon. Kabla ya adhuhuri ingekuwa imevuka mji na kufika Muhuta. Basi akasimama wima, akakohoa, akasema, "Haya, bwana jini, utusamehe basi," na huku akisema akamkonyezea Hamissi jicho. Hamissi akatabasamu.

Kupepesa kukakoma.

"Nimesikia," ilisema ile sauti, taratibu, bila hasira.

Kisha Asiya akafumbua macho, yake mwenyewe, akamtafuta mumewe mpaka akamwona. "Baba Anwari," alisema kwa sauti yake ile ya nyumbani, "umecheka?"

Hakungoja jibu. Taa sita zikawaka kwa pamoja, nyeupe kuliko siku yoyote, na chini yake Asiya akawa amekwisha.

Hapo Nasiri alipiga magoti. Aliomba radhi sasa, kwa moyo, kwa machozi na makamasi, uso ameuinua kwenye mwanga, akajiita mjinga, akajiita mbwa, na wala hakujali nani yuko mlangoni. Hamissi aliondoka kimyakimya akiburuta kandambili zake. Mama Zainabu alimfunika maiti kwa kanga, akatoka kwenda kutafuta wa kumwosha. Nasiri aliendelea mpaka adhana ya Ijumaa ilipolia, mpaka sauti ikamkauka. Mle juu hakuna aliyemwitika.