Mwangwi Uliotangulia

Sogea kidogo. Kupaza siwezi, sauti niliyobaki nayo ni hii ya kunong'ona, na ukungu wa San Francisco hauisaidii.

Jioni ile nilikuwa nimetoka kununua vitunguu. Ndiyo, vitunguu tu. Zamu ya kupika ilikuwa yangu, kama ilivyokuwa jana yake na juzi yake, maana katika nyumba yetu kila kitu kilikuwa cha wote isipokuwa sufuria. Sufuria ilikuwa yangu. Hapa hakuna changu wala chako, ndivyo alivyopenda kusema Wendell. Koti lako likivaliwa, unyamaze. Mkate wako ukiliwa, unyamaze. Ila gitaa la Wendell, thubutu uliguse uone.

Wendell alikuwa mpenzi wangu. Tulitoka pamoja Bakersfield na kigari chake kibovu, mama yangu nimemwacha mlangoni analia. Kiangazi kile cha mwaka sitini na saba kila kijana mwenye nywele ndefu alikuwa na bendi, nasi tulikuwa na yetu: yeye gitaa, Hoyt ngoma, mimi mwimbaji. Watu walikuja kunisikiliza mimi. Sijisifu. Hata Hoyt, aliyekuwa mchoyo wa sifa, alisema bila koo la Verna sisi ni kelele tu.

Halafu akaja Orrin.

Huyu alikuwa mtu wa taa. Alimimina mafuta na rangi kwenye sahani ya kioo, akamulika kwa chini, na ukuta wote nyuma yetu ukawa unachemka. Watu walipiga mayowe wakiuona. Lakini yeye mwenyewe hakuwa na sauti. Alinong'ona tu, mpaka umwinamie, na ukimwinamia unapata harufu ya nywele zilizoungua. Siku ya kwanza aliniambia nina sauti nzuri, akaniomba niseme tena jina langu. Nikasema, Verna. Akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

Ndiye aliyetuletea kisanduku cha mwangwi. Bendi nyingi zilikuwa navyo: unaimba, utepe unazunguka ndani, sauti yako inakurudia. Ila hiki cha kwake... kila tulipofanya mazoezi, mwangwi ulirudi upesi zaidi. Nilimwambia Wendell kile kitu kinanikimbiza. Akacheka, akasema nipunguze bangi ya Hoyt.

Basi, jioni ya vitunguu. Tulikuwa na wimbo mmoja uliokosa mwisho, na mtu wa kampuni ya santuri angekuja kuusikia. Nikiwa napanda kilima, ukungu umeshakula paa za nyumba, mstari wa mwisho ukanijia. Ulinijia kichwani tu. Sikuuimba. Hata midomo sikuichezesha.

Mama, usifunge mlango, niko njiani.

Nikafurahi peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Nikafika getini. Dirisha la juu lilikuwa wazi, na mtu alikuwa anaimba.

Mama, usifunge mlango...

Ilikuwa sauti yangu.

Niko njiani...

Mfuko ukaniponyoka. Nilisikia vitunguu vikibingirika kuteremka kilima, tu, tu, tu, mpaka ukungu ukavimeza.

Nilipanda ngazi nimeshika ukuta. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa nzito kiasi kwamba nilipumua kwa mdomo. Chumbani rangi zilikuwa zinachemka ukutani, na kwenye kipaza sauti hakukuwa na mtu. Utepe wa kisanduku ulikuwa unazunguka wenyewe. Hoyt hayupo. Wendell amekaa sakafuni, amekumbatia gitaa lake, hanitazami.

Nikafungua mdomo nimuulize. Kabla sijatamka, kisanduku kikasema:

"Nini hiki, Wendell?"

Kisha nikasema mimi. Kilichotoka ni pumzi tu, nyembamba, imechelewa.

Mimi ndiye niliyekuwa mwangwi.

"Orrin aliomba kitu kimoja cha humu ndani," Wendell akasema, bado anaitazama sakafu. "Nikamwambia achague."

Nikamnong'oneza, "Ukamwambia achague?"

"Si hapa hakuna changu wala chako, mpenzi? Na wimbo utavuma, Verna. Ameahidi. Nchi nzima itauimba."

"Na gitaa?"

Akalivuta gitaa karibu zaidi na kifua.

"Gitaa nilimwambia halimo."

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu nilikuwa nampikia maharage. Iliniuma, sikufichi, na inaniuma hadi leo. Ningekuwa na sauti ningepiga ukelele mtaa mzima ujae pale. Nilisimama tu, mikono mitupu, nanuka vitunguu.

Nyuma ya taa kukawa na mtu. Orrin alitoka taratibu, akafunga koti lake, akanipita mlangoni. Alipofika ngazi ya kwanza akageuka.

"Asante, Verna," akasema.

Alisema wazi, kwa sauti yangu. Kisha akacheka, na kicheko nacho kilikuwa changu, kile cha kukwama mwishoni ambacho mama yangu alikuwa ananitania nacho.

Nikakimbilia simu ya koridoni. Nilimtaka mama. Niliona mtu akidhulumiwa na mwanamume bado ana mama yake.

"Haloo?"

"Mama, ni mimi."

"Nani? Sikusikii."

"Verna, mama. Verna wako."

Akaongea kwa ukali ambao hakuwahi kunitolea, hata siku niliyoondoka.

"Wewe mtu, huna aibu? Mwanangu nimetoka kuongea naye sasa hivi. Kaniimbia kabisa. Yuko njiani, na mlango nimeuacha wazi."

Simu ikakatika.

Wendell alikataa kunipa funguo za gari. Gari nalo kumbe lilikuwa lake. Nikapanda basi, na kulipopambazuka nikawa Bakersfield. Mlango ulikuwa wazi kweli. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya kahawa, kimoja hakijaguswa, vyote bado vina joto. Jikoni kulinuka nywele zilizoungua.

Mama hakuwepo.

Nilimwita... Umewahi kumwita mama yako ukasikia pumzi tu? Jirani akachungulia dirishani, nikamuuliza kwa ishara. Alinishangaa. "Si ametoka na wewe?" akasema. "Nimekusikia ukimwita huko nje kwenye ukungu. Ametoka mbio, hata viatu hakuvaa."

Wimbo ulivuma, kama Wendell alivyoahidiwa. Unaujua. Mmeucheza harusini, mmeuimba garini, na wanaojua muziki wanasema hakuna sauti kama ile. Wendell anapigiwa makofi kila mji. Mimi kila ninapousikia mstari ule wa mwisho nasikiliza kwa nyuma kabisa, chini ya ngoma za Hoyt, maana pale pana mwanamke anaitika. Anasema, "Abee, mwanangu." Wengine wanadai ni kasoro ya utepe.

Mama yangu yuko huko anamfuata anayemwita. Mnong'ono hataufuata, alishaniambia hanisikii. Anahitaji kuitwa kwa sauti hasa, sauti ya binadamu, yenye nguvu, yenye joto.

Wewe una sauti nzuri, unajua? Tangu ulipokaa hapo nimekuwa nikiisikiliza.

Usiogope harufu. Sogea kidogo tena.

Sema jina lako.