Kezia Hakufa Njiani

Hakuna mtoto Mount Druitt nzima, kitongoji kile cha Sydney, Australia, aliyejua kuona kinyaa kama Iteka. Utando wa maziwa juu ya chai, kinyaa. Unywele kwenye sabuni, kinyaa. Na mdogo wake Lazare akitokwa na kamasi, Iteka alihama meza na sahani yake. Alikunja pua mara nyingi hivi kwamba mama yake, Nibigira, alimwuliza kama pua ile ameiazima, maana aliitumia bila huruma.

Kila Jumamosi asubuhi Nibigira alivaa sare yake, yeye na Iteka wakapanda treni, wakashuka kituo kinachofuata, St Marys. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani. Jumamosi zamu yake ilikuwa kwa Mzee Clifford Stroud, mtu wa karibu miaka themanini, macho yamefifia, miguu imevimba, paka watatu. Nibigira alimwosha, akampikia na kumpa dawa. Iteka alifuatana naye kwa sababu Mzee mwenyewe aliomba. Alihitaji mtu mwenye macho mazima.

"Mzee" lilikuwa neno la Nibigira. Hakuweza kumwita mtu wa umri ule "Clifford" hivi hivi, kama walivyofanya majirani. Clifford alilipenda neno hilo, na Iteka akalichukua, ingawa mengine yote aliyasema kwa Kiingereza. Hata nyumbani ilikuwa hivyo. Mama aliuliza kwa Kiswahili, binti akajibu kwa Kiingereza, na siku zikaenda.

Nyumba ya Mzee, lo! Meno yake ya bandia yalilala kwenye glasi karibu na mkate. Manyoya ya paka yalielea hata kwenye siagi. Iteka, mwenye miaka kumi na miwili, alikaa ukingoni mwa kiti kama aliyekalia miba, akijitahidi kuvuta pumzi kidogo kidogo.

Lakini kazi aliipenda. Baba yake Mzee alikuwa mwanajeshi Mmarekani aliyekuja Sydney wakati wa vita kuu ya pili, akaoa, akabaki. Wazee wa baba huyo walikuwa wakulima waliohama na kuhama, wakifuata ardhi upande wa magharibi mwa Marekani. Sasa ndugu wa Nebraska walikuwa wakiandaa mkutano mkubwa wa ukoo, na Mzee aliahidi kuwapelekea ramani ya safari ile yote, iliyochorwa kwenye karatasi kubwa ya manila.

Iteka ndiye aliyesoma na kuchora. Alifungua kwenye kompyuta kurasa za sensa za zamani, zilizoandikwa na makarani waliopita mlango kwa mlango kila miaka kumi wakiuliza nani yumo, ana umri gani, amezaliwa wapi. Mwandiko ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino, lakini Iteka aliuzoea. Aliikuta familia ya Asa Stroud, mmoja wa wazee hao, ikilima Ohio. Akaikuta tena Indiana, watoto wameongezeka. Akaikuta Iowa. Kila alipoikuta alichora nyumba ndogo, na kutoka nyumba hadi nyumba akavuta mshale mwekundu.

Katika kila nyumba alikuwamo bibi mmoja, Kezia, mama yake Asa, mjane aliyezaliwa Vermont. Iteka alimpenda kwa sababu jina lake aliwahi kulisikia kanisani, ni la binti wa Ayubu. Kila sensa Kezia alizeeka, na kila sensa Iteka alifurahi kumwona bado yumo. Kisha wakafika Nebraska, sensa ya mwaka 1880. Asa yumo, mkewe yumo, watoto wamo. Kezia hayumo.

"Hapo alikwisha kufa," alisema Mzee, na sauti yake ikalegea. "Alifia njiani, kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Asa akamzika chini ya mti kando ya mto, akalia mpaka jua likazama. Baba alinisimulia kila Krismasi. Chora kaburi, mwanangu. Uchore na mti."

Iteka akachukua penseli ya kijani. Lakini kaburi bila tarehe lingekuwaje? Akaandika jina la Kezia kwenye kompyuta ili aitafute tarehe ya kifo.

Hakupata kifo. Alimpata Kezia akiwa hai, mwaka ule ule wa 1880, kule kule Iowa, katika nyumba ya maskini ya wilaya. Hapo ndipo walipowekwa watu wasio na mtu, wagonjwa, wendawazimu na vikongwe, wote chini ya paa moja. Kitabu cha nyumba hiyo nacho kilikuwa kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Iteka akasoma kwa sauti kabla hajafikiri.

"Kezia Stroud, mjane, mzaliwa wa Vermont. Ameletwa na mwanawe Asa, mkulima, anayehamia Nebraska. Ana blanketi moja."

Chini yake, kwa wino mwingine, karani aliandika kwamba Kezia alikufa baada ya miaka tisa. Kaburi lake lilipewa namba. Jina halikuandikwa.

Iteka akaisukuma mbali ile penseli ya kijani. Hiki hakikuwa kinyaa cha pua, cha maziwa na manyoya ya paka. Hiki kilitoka chini kabisa. Na nani asingekiona? Mtu anamshusha mama yake kama gunia la mahindi mabovu, anampa blanketi, anaondoka. Akifika mbele anawaambia watoto wake kwamba amemzika, tena machozi yanamtoka! Ptu! Kuna watu, na kuna vitu vyenye umbo la watu.

"Soma tena," alisema Mzee.

Iteka akasoma tena.

"Kompyuta imekosea."

"Huu si mwandiko wa kompyuta, Mzee. Ni wa mtu aliyekuwepo pale."

"Chora mti."

"Sichori! Huyo Asa wako alikuwa takataka!"

Nibigira akatokea jikoni, mwiko mkononi. "Iteka! Chunga mdomo wako!"

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, wala haikumsaidia kitu. "Utachora mti," alisema, "ama usirudi tena hapa."

Katika treni Iteka alifoka njia nzima. Watu gani hawa? Wanamtupa bibi yao, kisha wanachora mti! Alisema angeweza kutapika. Nibigira alitazama dirishani mpaka treni ilipoanza kupunguza mwendo.

"Hata mimi nilimwacha Bibi," alisema.

Iteka akamgeukia. Bibi, mama mzazi wa Nibigira, alikuwa bado Kigoma, katika kambi ya wakimbizi ambamo Iteka alizaliwa.

"Faili lake la kuja Australia lilitengwa na letu. Tuliulizwa kama tunakwenda ama tunabaki. Siku ya basi la kutuchukua alinishika kidole, nikakitoa mwenyewe mkononi mwake kwa mkono wangu huu."

"Lakini wewe hukusema amekufa," alisema Iteka.

"Sikusema," alijibu mama yake, wakashuka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Walitoka kanisani, wakala maharage na ndizi, na Lazare akamwaga juisi kama kawaida yake. Simu ikalia. Alikuwa Bibi, kama kila Jumapili. Na kama kila Jumapili, Iteka akatikisa kichwa haraka, akalaza shavu juu ya viganja vyake. Maana yake ilikuwa, mwambie nimelala.

Alikuwa na sababu zake. Kiswahili cha Bibi kilikwenda mbio, na chake kilichechemea, akaona haya. Bibi aliuliza maswali yale yale, umekula nini, unasali, umerefuka? Lakini hayo angeyavumilia. Kilichomshinda ni kikohozi. Bibi alikohoa kikohozi kirefu chenye makohozi, kisha akatema, na Iteka alihisi kama ametemewa sikioni. Kinyaa! Zaidi ya mwaka sasa mama yake alikuwa akimkingia kifua. "Amelala, Mama. Amechoka na masomo, Mama."

Siku hiyo Nibigira alimtazama binti yake. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa wote wasikie.

"Mama," alisema, "Iteka anasema amelala."



"Anasema?" Bibi aliuliza. "Basi watoto wa huko wana maajabu, wanasema wakiwa usingizini." Alijaribu kucheka. "Mwache apumzike. Nilitaka sauti yake tu. Naona naanza kuisahau."

Mtandao ukakatika.

Iteka alihisi uso unamwaka moto. "Mum! Kwa nini umemwambia hivyo?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo." Nibigira hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Jana uliniambia unataka kutapika kwa ajili ya Asa. Nyani haoni kundule! Asa alimshusha mama yake mara moja. Wewe unamshusha Bibi kila Jumapili, tena unanituma mimi nikamchoree mti."

Iteka alikwenda chumbani, akajilaza, na usingizi aliousingizia haukuja. Wiki ile nzima hakukunja pua kwa ajili ya mtu. Lazare alipiga chafya juu ya mkono wake, akaufuta tu. Asubuhi akipiga mswaki alitazama bomba la maji, maana msichana wa kwenye kioo alimchefua.

Jumamosi ilipofika alivaa viatu bila kuambiwa.

"Mzee alisema usirudi," alisema mama yake.

"Najua. Nakwenda kuomba msamaha. Akinifukuza nitakungoja kituoni."

Mzee hakumfukuza. Alikuwa ameketi mezani mbele ya ile karatasi ya manila. Alikuwa amejaribu kuchora mti mwenyewe. Macho yalikuwa yamemdanganya, na kati ya Iowa na Nebraska palikuwa na doa kubwa la kijani lisilo na shina wala matawi.

"Mzee," alisema Iteka, "nisamehe kwa lile neno takataka. Ni ukoo wako, nami nilikuwa kwako. Lakini sikuja kuchora mti."

Iteka akakaa kwenye kiti, safari hii akakalia chote, akamweleza. Alimweleza habari za Bibi, na simu, na shavu juu ya viganja, na jinsi Bibi alivyosema ameanza kuisahau sauti yake. Alieleza mpaka mwisho bila kuruka kitu, hata kikohozi.

"Nilimwonea Asa kinyaa sana," alisema. "Kisha nikajionea mwenyewe, kikazidi."

Paka mmoja akaruka mezani, akapita juu ya Indiana. Mzee alimsukuma chini taratibu.

"Miaka yote hii nimeulilia mti," alisema. "Na mama wa watu alikuwa hai, na blanketi lake, akingoja mtu amkumbuke." Akafuta macho kwa nyuma ya mkono. "Aibu hii! Nitawaambia nini watu wa Nebraska?"

"Waambie alipo, Mzee," Nibigira alisema kutoka mlangoni. "Wanamlilia mahali ambapo hayupo. Kaburi lake lina namba tu. Waende wakaliwekee jina."

Mzee akapapasa mezani akitafuta kitu. Kisha akausogeza ufutio mbele ya Iteka.

"Futa ujinga wangu huo," alisema. "Andika."

Iteka alifuta lile doa la kijani mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Akachora nyumba kule Iowa, nyumba isiyotoka mshale. Pembeni yake akaandika kwa herufi kubwa, ili Mzee asome mwenyewe: *Kezia Stroud hakufa njiani. Aliachwa hapa na mwanawe Asa, akaishi miaka tisa.* Mzee akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akasoma neno moja moja, akatikisa kichwa kukubali.

Jioni, wakiwa kituoni St Marys, Iteka alimwuliza mama yake kama yeye naye ni takataka.

"Takataka haioni kinyaa, mwanangu," alisema Nibigira. "Wala usiache kukiona. Kinyaa ni kama ufagio, ila anza kufagia kwako ndipo uende kwa jirani. Mimi sijui Asa aliulizwa nini siku ile. Labda hakuwa na njia, kama mimi sikuwa na njia. Kumwacha mtu kunaweza kuwa msiba. Lakini kusema uongo ili usiutazame uso wake tena, huo ndio uchafu, na hautoki kwa sabuni. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Bibi ni wako, na kikohozi chake ni chako."

Iteka alinyoosha mkono. "Nipe simu, Mama," alisema, tena kwa Kiswahili. "Kigoma sasa ni asubuhi."

"Leo si Jumapili."

"Najua."

Simu iliita mara nyingi, kisha ikapokewa kwa kishindo.

"Haloo! Nibigira? Mbona leo? Kuna msiba?"

"Si Mama, Bibi. Ni mimi. Ni Iteka." Alitafuta maneno, yakamkimbia yote, likabaki moja. "Sijalala, Bibi."

Bibi akapiga kigelegele, kigelegele kikageuka kicheko, na kicheko kikageuka kile kikohozi chake kirefu chenye makohozi. Treni iliingia kituoni kwa kelele. Iteka akaziba sikio moja kwa kidole, na kwenye lile jingine akaibana simu zaidi.